Mashine Huzunguka Mbele

Kwetu mtoto akizaliwa hulazwa karibu na injini. Hapo natia chumvi, lakini kidogo tu. Duka liko mbele, karakana iko nyuma, na nyumba yetu imebanwa katikati, kwa hiyo usingizi wangu wote wa mchana utotoni niliulala ndani ya mlio wa dizeli inayojaribiwa. Injini ilipozimwa ghafla ndipo nilipoamka na kuangua kilio. Mama humsimulia hivyo kila mteja mgeni huku akipima mkanda wa mashine kwenye kaunta, na mteja akicheka, mama anamuuzia na kopo la grisi.

Hiyo ndiyo biashara ya familia yetu hapa Sumbawanga: mashine za kusaga, za kukoboa, za kupukuchua mahindi, injini za kuziendesha, na vikorokoro vyote vinavyokatika na kulika humo ndani. Injini tunazinunua. Mwili wa mashine anauunda baba mwenyewe kwa mabati mazito, na ukiugonga kwa spana unaitika vizuri. Mama ndiye mwenye kaunta. Mimi ni fundi. Nalisema wazi kwa sababu mpaka leo kuna watu wanaoingia karakana, wananikuta nimelala chini ya mashine na grisi hadi viwikoni, halafu wananiuliza mimi mwenyewe, "Dada, fundi yuko wapi?" Zamani nilikuwa najibu kwa adabu. Siku hizi nawaambia fundi amekwenda kununua miwani ya kuwapa wateja.

Sasa ngoja niseme habari ya mota.

Umeme ulipoanza kusogea vijijini, nguzo baada ya nguzo, swali jipya likaanza kuingia dukani. "Mnazo za umeme?" Kwanza aliuliza mmoja, tukacheka. Baadaye wakawa wengi, na baba akaacha kucheka. Alikuwa anawajibu, "Hapa ni dizeli," kisha anageuka na kuendelea kuchomelea. Mteja anavuka barabara anakwenda kuuliza kwingine. Mimi nilikuwa nawaona kupitia mlangoni wakivuka, na nilikuwa naumia mno. Kila mgongo ulioondoka niliuona ni wa duka letu lenyewe linaondoka.

"Baba," nikamwambia, "watu wanataka mota. Tuwauzie mota."

"Injini inasema," akanijibu. "Ikiumwa unaisikia toka barabarani. Mota imekaa kimya tu. Utajuaje inaumwa?"

"Nitajifunza."

"Kwa nani?"

Swali hilo lilikuwa na haki yake, na ndiyo maana lilinikasirisha. Ukoo mzima ni wa dizeli. Baba alifundishwa dizeli na baba yake, akanifundisha mimi, na hakuna kati yetu aliyewahi kufunga mota kubwa kuliko ya feni ya mezani. Tuligombana msimu mzima wa kupanda. Tuligombana juu ya chai, juu ya mashine, hata njiani kutoka misa, tukisalimia watu kwa tabasamu na kuendelea walipopita. Mwishowe mama ndiye aliyechoka. Aliweka mkasi wa kukatia mikanda chini kwa kishindo. "Mzee, mwachie mtoto afunge moja tu," akasema. "Ikikataa, atanyamaza. Mimi nataka mtu yeyote anyamaze."

Mahindi yalipoanza kukauka mashambani, akaingia mama mmoja kutoka Mpui, sweta juu ya kitenge, kilemba kimekazwa kwa ajili ya upepo. Alikuwa mtu wa shamba, mahindi na ulezi, na alikuwa amekwisha kujenga kibanda cha mashine, sakafu ya zege, na umeme wa njia tatu, ule wa mashine kubwa, umefika ukutani. Wanawake wa kwao walikuwa wanabeba debe kichwani mpaka kijiji kingine kwenda kusaga.

"Shikamoo mama," nikamsalimu.

"Marahaba mwanangu. Mnazo za umeme?"

Nikamtazama baba. Baba akatazama chuma alichoshika. Mama yangu, pale kaunta, akaanza kupanga vichekeche vya mashine ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

"Tunayo," baba akasema. Halafu, mteja alipokaa na mama kwenye benchi, akanivuta pembeni. "Nakuambia mara moja. Mashine hii ikisaga, kazi ya mota ni yako, na sitakaa kukupinga. Isiposaga, duka hili ni dizeli mpaka nizikwe, na neno mota nisilisikie tena ndani ya nyumba. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," nikasema, na tayari nilikuwa natafuta futi ya kupimia. Nusu ya maneno yake, ile ya pili, wala sikuisikia vizuri.

Mota tuliinunua, na mashine yenyewe tukaiunda kwa makini kuliko zote. Nyundo za ndani zinazosaga nilizipima mimi, mhimili nikausawazisha mimi, kichekeche cha matundu madogo cha kusagia ulezi nikakitoboa mimi. Tuliijaribu karakanani kwa injini yetu ya dizeli, kwa sababu umeme wa nyumbani kwetu ni wa njia moja na haungeweza kuendesha mota ile. Ilisaga vizuri ajabu. Feni ya ndani ilipandisha unga kwenye bomba, ukamiminika kutoka kwenye pipa la bati, laini hata ukiusugua kati ya vidole huusikii. Baba aliuonja kwa ncha ya ulimi, akatikisa kichwa kukubali, halafu akakumbuka kwamba tumegombana, akaacha.

Asubuhi ya kwenda kufunga tulipakia kila kitu kwenye Canter. Ilikuwa baridi ile yetu ya katikati ya mwaka, na upepo ulikuwa unachukua maneno mdomoni kabla hujayamaliza. Baba hakunywa chai. Huo ni utaratibu wa nyumba yetu tangu kwa babu: siku ya kufunga mashine, fundi hali kitu mpaka ale ugali uliotoka kwenye mashine hiyo. Mteja akiona fundi ana njaa anajua hatatoroka. Na unga wa kwanza huwa wa ulezi, kwa sababu punje yake ni ndogo na ngumu. Mashine ikiuweza ulezi, mahindi ni mchezo. Nami sikunywa chai, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniambia ninywe.

Njia ya Mpui siku ile niliipenda kila nguzo. Mashamba ya mahindi makavu yalikuwa pande zote, watu wamejifunika makoti wanavuna, na nguzo zilitufuata bega kwa bega. Nilikuwa nazionyesha kwa kidole. "Ile pale. Na ile. Baba, unaona? Mpaka kwenye lile bonde!" Baba aliniambia nikiendelea hivyo atanishusha. Nikaendelea. Hakunishusha.

Tulikuta watu wamejaa. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamekwisha kupanga ndoo na madebe mbele ya kibanda, foleni imepinda mpaka nyuma ya nyumba, na mashine yenyewe bado ilikuwa juu ya gari! Tukaishusha, tukaikaza kwenye zege, mota mahali pake, mikanda nikaivuta mpaka ikakazana sawasawa. Katekista alikuwa amekuja kubariki na ndoo yake ya maji ya baraka. Zamani, kwenye dizeli, alikuwa ananyunyizia mpaka kwenye tangi la mafuta, akipenda. Ilibidi nimsogelee.

"Shikamoo mwalimu. Naomba uninyunyizie upande huu tu. Upande wa mota usiguse."

"Kwani mota haihitaji baraka?"

"Inahitaji, lakini kavu."

Watu walicheka, naye akacheka, akabariki nusu ya mashine kwa maji na nusu kwa mkono.

Fundi umeme aliyeunga nyaya alikuwa kijana wa mjini ambaye mteja alimtafuta mwenyewe. Kabla hajafunga sanduku la swichi, akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza.

"Mzee, inazunguka upande gani?"

Baba akamtazama akidhani anataniwa. Nami nilimtazama hivyo hivyo. Injini ya dizeli unaipa mtekenyo, inawaka, na inazunguka upande inaozunguka. Haikuulizi maoni. Katika nyumba yetu, swali la upande lilikuwa sawa na kumuuliza mtu anapumua kuelekea wapi.

"Mashine huzunguka mbele," baba akasema, kwa sauti ya kumsaidia kijana.

"Mbele ndio wapi?"

"Mbele ni mbele."

Kijana akanigeukia. "Dada?"

"Mbele," nikasema, na nikamwonea huruma.

Akainua mabega, akafunga sanduku, akatuaga kwamba ana nyumba nyingine anaiunga nyaya kule nyuma ya kanisa. Akaenda zake.

Mteja wetu mwenyewe ndiye aliyepewa heshima ya kuwasha. Alifuta kidole kwenye kitenge, akabonyeza. Mota ikavuma kidogo tu, kwa upole, na watu wakabaki wakisubiri kelele ije. "Imewaka?" akauliza bibi mmoja mbele ya foleni. "Imewaka!" nikapiga kelele. Mikanda ilikuwa inakimbia, nyundo zimeshika kasi ndani, hakuna moshi, na tulikuwa tunasikizana tukiongea! Niliruka. Kweli niliruka, mtu mzima, mbele ya katekista.

Mteja akamimina ulezi.

Mwanzo mlio ulibadilika kama inavyotakiwa, ukawa mzito. Macho yote yakahamia kwenye mfuko tuliokuwa tumeufunga chini ya pipa la bati. Ukaanguka unga kidogo, wa kujaza kiganja. Tukangoja. Haukufuata mwingine. Vumbi likaanza kurudi juu kupitia mdomo wa mashine, mlio ukazidi kuwa mzito, mota ikaanza kuguna, na swichi ikajikata yenyewe. Kila kitu kikasimama.

Nilifungua, nikasafisha, tukawasha tena. Ikaziba tena. Kwenye foleni wanawake walianza kusemezana Kifipa, taratibu, wasituumize. Mmoja aliinua debe lake kulirudisha kichwani. Mteja wetu alikuwa amesimama na ungo tupu mikononi, na ungo ule ulinichoma kuliko kama angefoka.

"Umeme hauna nguvu," baba akasema. Hakusema kwa kunikomoa. Alisema kwa huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, akamgeukia mteja. "Mama, tumejaribu. Kesho nitaleta injini tuifunge hapa hapa. Huwezi kukaa bila kusaga."

Nikaona kila kitu kinaondoka: nguzo zote zile za njiani, wateja wote wanaovuka barabara. Nilitaka kulia, na nikikaribia kulia mimi huwa nakuwa mkali.

"Ina nguvu," nikasema. "Kama haina nguvu, nani amesaga huu?" Nikachota kiganja kutoka tumboni mwa mashine, nikampelekea puani. Ulikuwa unga mzuri, laini. "Umesagika. Haupandi tu. Anayeupandisha ni nani?"

"Feni."

"Basi mwenye kosa ni feni. Mota haina kosa."

"Feni nimeiunda mimi," baba akasema, naye sasa akawa mkali. "Na juzi ilipandisha."

Hapo wote wawili tulikuwa na haki, na ndiyo iliyokuwa inaniumiza kichwa. Nikaomba iwashwe tena ikiwa tupu. Nikasimama mahali pangu ninaposimama siku zote, upande wa kulia wa mdomo wa mashine. Tangu nikiwa mdogo mahali pale napajua kwa mwili: mikanda inapokimbia, upepo wake unaondoka kwangu kwenda ukutani na sketi inavutwa kuelekea huko. Siku ile vumbi la ulezi lilinijia usoni. Nikafumba macho, nikapiga chafya. Nikasogea, nikarudi, likanijia tena.

"Zima!" nikasema.

Mota ikaanza kupunguza mwendo. Kwenye puli, gurudumu la mikanda, nilikuwa nimepiga alama ya chaki wakati wa kupima, na sasa ilipokuwa inazunguka polepole niliweza kuifuata kwa macho. Ilikuwa inapanda upande wa ukutani, inavuka juu, inateremka kwangu. Inakuja kwangu! Karakanani, mgongo wa puli haujawahi kuja kwangu hata siku moja.

"Baba! Inarudi nyuma!"

"Nini inarudi nyuma?"

"Mashine! Inazunguka kinyumenyume!"

Baba alinitazama, akaitazama mashine, akanitazama tena. "Mashine?" akasema. "Kinyumenyume?" Niliona wazi kwamba maneno yale mawili hayajawahi kukutana kichwani mwake. Nyundo haijali, inapiga huku na inapiga kule, ndiyo maana ulezi ulisagika. Lakini mapanga ya feni baba aliyakunja kuelekea upande mmoja, upande wa dizeli, na yakizungushwa kinyume yanafukuza upepo ovyo tu. Nilimweleza haraka haraka kwa mikono, nikizungusha viganja, na katikati ya maelezo akanishika mkono.

"Yule kijana," akasema. "Alituuliza."

Sijui nani alitoka mbio kwanza. Najua kwamba nilipita foleni nzima na viatu vya kazini, nikazunguka kanisa, nikamkuta fundi umeme juu ya ngazi.

"Mambo?" akanisalimu.

"Poa! Inazunguka nyuma!"

Alishuka akicheka. Kibandani alizima umeme, akafungua sanduku, akachukua waya mbili kati ya tatu, akazibadilisha mahali, akakaza. Ni hivyo tu. Mtu angemenya chungwa kwa muda mrefu zaidi.

"Mzee, nilikuuliza," akasema kwa heshima.

"Uliniuliza," baba akakubali. "Na mimi nikakujibu mbele ni mbele." Halafu, mbele ya watu wote, baba yangu ambaye hacheki nje ya nyumba akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

Mteja akabonyeza. Chaki ikaenda ukutani. Sketi yangu ikavutwa kidogo kuelekea huko na nikajua kabla ulezi haujamiminwa. Unga ulipanda kwenye bomba kwa mlio wa mvua kwenye bati, mfuko ukavimba, ukajaa, na wanawake wakapiga vigelegele ambavyo tulivisikia vyote, kila kimoja, kwa sababu mota ilikuwa kimya. Aliyekuwa amelirudisha debe kichwani akalishusha. Mteja wetu aliingiza mikono yote miwili kwenye unga wa moto, akauinua, akaniangalia. "Mwanangu," akasema, akanimiminia mikononi. Mimi nilikuwa nalia na kucheka na kupiga chafya kwa pamoja, nimejaa ulezi mpaka kwenye kope. Nikampigia mama, nikainua tu simu kuelekea kwenye mashine. "Mbona sisikii injini?" akauliza. "Ndiyo yenyewe!" nikamwambia. Akapiga kigelegele chake huko dukani, na baadaye tuliambiwa wateja wawili walikimbilia nje wakidhani kumetokea jambo.

Ugali ulipikwa hapo hapo nje, mweusi, mzito, na maharage. Baba alikata tonge la kwanza, akalitafuna taratibu, akakata lingine akanipa mimi mkononi. Tulikula tukiwa tumesimama, huku mashine inasaga nyuma yetu na foleni inasogea.

Tulipomaliza ikabaki kazi moja. Kila mashine inayotoka kwetu huandikwa ubavuni kwa rangi ya mafuta: neno FUNDI, na chini yake namba ya simu ya kupigwa ikiharibika. Baba huiandika mwenyewe kwa brashi, mashine ikiwa imekwisha kula na yeye amekwisha kula. Mashine zote za Ufipa tulizounda sisi zina namba yake. Hata mashine niliyoifunga mimi peke yangu, nikalala chini yake mimi, ina namba yake, na sijawahi kuona ajabu.

Mteja aliomba izimwe kidogo. Baba akafungua kopo, akachuchumaa, akafuta ubavu wa mashine kwa kitambaa. Akaandika FUNDI, herufi kubwa, ulimi umemtoka kidogo pembeni ya mdomo. Akachovya brashi tena. Kisha akakaa nayo hewani, tone linajikusanya kwenye ncha, na nikadhani amesahau namba yake.

"Yako inaanza na ngapi?" akaniuliza.

Sikuelewa. Mteja ndiye aliyenisukuma begani.

Nikaanza kumtajia. Namba ambayo nimeitaja maisha yangu yote bila kufikiri, siku ile nilifika katikati ikanipotea, nikaruka tarakimu, nikarudi nyuma. Baba aliinua brashi, hakugeuka kunitazama.

"Taja polepole," akasema. "Rangi hii haifutiki."